Miwaridi ya Sultani wa Yabisi

Hapo zamani, katika mji ulioitwa Yabisi, ambako mvua ilikuwa jambo la kuhadithiwa wala si la kunyeshewa, alitawala Sultani mmoja jina lake Harithi bin Ghalibu. Mji huo ulikuwa katikati ya jangwa, na jua la huko halikuwa na haya wala huruma. Kisima kilikuwa kimoja tu, na watu walikigawana kwa desturi ya wazee wao. Bakuli la shaba lenye tundu dogo kitakoni liliwekwa juu ya maji ya mtungi, likawa linaelea huku likiingia maji polepole, na muda wote huo nyumba yenye zamu iliteka. Likizama, dubwi! basi zamu imekwisha, apishwe mwingine. Kila nyumba ilikuwa na mabakuli matatu kwa siku, wala hapakuwa na tajiri aliyepata la nne.

Mwangalizi wa bakuli hilo alikuwa Mbaruku, ambaye watu walimwita Mbaruku Kapuku, kwa kuwa mali yake yote ilikuwa mkeka, mke mmoja mwenye ulimi, na mbuzi jike jina lake Tunu. Ujira wake ulikuwa konzi moja ya tende kila jioni. Wengi walimdhani punguani, maana akiambiwa jambo hulitenda kama lilivyosemwa, hapunguzi wala haongezi. Siku moja Waziri Shaibu alimwambia asibanduke mlangoni mpaka atakaporudi, kisha akamsahau, akaenda safari ya siku tatu. Aliporudi alimkuta Mbaruku pale pale, na Tunu yuko naye, wamesinzia wote wawili.

Ikasadifu Sultani akaalikwa harusini kwa Sultani wa milimani, nchi ya baridi na umande, akakalishwa katika bustani ya miwaridi. Huko akala, akanywa, akanusa, na husuda ikamwingia. Aliporejea, mji wake mwenyewe ukamchukiza. Alikuja na miche arubaini ya waridi juu ya ngamia, imefungwa katika magunia yaliyoloweshwa. Ikafika hai ishirini, ikapandwa uani mwa jumba lake, peupe, ili kila apitaye aione.

Sasa, watu wa Yabisi walikuwa na desturi moja katika upanzi. Mtu akipanda mche, hata kama ni chipukizi la mtende, siku ya kwanza hushinda nao juani toka asubuhi hadi alasiri, bila ya mwavuli, ili ajue mche huo utakalohitaji. Sultani hakushinda na hata mmoja, kwani alikuwa na usingizi wake wa adhuhuri, na usingizi wa wakubwa hauahirishwi.

Miwaridi ikaanza kufa. Mtunza bustani wa kwanza akasema, "Ewe Bwana wangu, mimea hii yataka kivuli." Sultani akamjibu, "Bustani iliyofichwa itaonwa na nani?" akamtia gerezani. Wa pili akasema, "Tusiinyweshe saa sita, Bwana, maji hupata moto yakapika mizizi." Naye akafungwa, kwa kosa la kuwanyima wageni wa milimani maji mchana wa jua kali. Wa tatu akasema kwamba maji mengi huipandisha chumvi iliyo chini ya ardhi, ikaunguza mimea. Huyu alifungwa mara mbili, maana ilionekana ameitukana ardhi ya Sultani. Basi baraza likakaa, likafikiri sana kama yafikirivyo mabaraza, likaamua kuwa kasoro ni uchache wa maji. Kisima kizima kikapewa miwaridi, na raia wakaachiwa bakuli moja kwa siku, kila nyumba.

Hapo ndipo dhiki ilipoingia Yabisi. Wanawake waliosha vyungu kwa mchanga. Watoto walilamba vipande vya mitungi iliyovunjika. Mbaruku, ambaye kazi yake ilikuwa kusema "zamu imekwisha", akawa anaona uchungu kulisema neno hilo, kwa kuwa mbele yake walisimama watu aliowajua tangu utotoni, na midomo yao imepasuka. Na miwaridi, kadiri ilivyonyweshwa, ndivyo ilivyozidi kuwa manjano.

Siku moja askari wa zamu alikutwa akinywa maji ya miwaridi. Sultani akaghadhibika, na mbiu ikapigwa mji mzima. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na jambo lenyewe lilikuwa hili: "Sikilizeni! Miwaridi ya Sultani ni Sultani mwenyewe! Atakayeiudhi amemuudhi Sultani, na apewacho Sultani nayo na ipewe! Na yeyote atakayeitendea lisilotendewa Sultani, shingo yake ni halali ya upanga!"

Tunu hakuwa na habari ya mbiu. Alikuwa hajaona jani kwa siku kumi, akaona yale, akaruka ukuta. Miwaridi iliyokuwa hai siku ile ni saba, na alipotolewa kwa fimbo ilikuwa sita.

Mbaruku akaletwa mbele ya Sultani, kamba shingoni, na mbuzi wake nyuma akicheua.

"Mbaruku!" Sultani akanguruma. "Mbuzi wako amenila mimi!"

Mbaruku akainama mpaka paji la uso likagusa zulia. "Ewe Sultani mtukufu, nami nakuona mzima, nashukuru."

Watu wa baraza wakajifanya wanakohoa. Sultani akasema, "Wenye elimu ya bustani wamenishinda. Sasa utaitunza wewe. Nakupa siku arubaini, ichanue. Isipochanua, nitakata kichwa chako na cha huyo mbuzi, na kisima hakitarudi kwa watu hata miaka arubaini!"

"Nimesikia na kutii, Bwana wangu. Ila nauliza, kwa ujinga wangu. Je, niitunze kwa elimu ya wale waliofungwa, ama kwa maneno ya mbiu?"

"Hao elimu yao imewafikisha gerezani. Itunze kwa maneno ya mbiu, neno kwa neno! Atakayekuzuia amenizuia mimi."

"Basi naomba muhuri, Bwana. Mimi ni mtu wa kusahau."

Muhuri ukapigwa. Mbaruku akaenda kwake, na mkewe Zaituni akampokea kwa kilio na matusi kwa pamoja.

"Mume wangu, wewe hata mchicha hujapata kuuotesha! Utaotesha waridi?"

"Waridi silijui, mke wangu. Sultani namjua."

Siku ya pili, jua lilipoanza kuuma, Mbaruku akaitia miwaridi yote sita katika vyungu pamoja na udongo wake, akawaamuru askari waibebe. Saa sita Sultani akaenda chumbani kulala, akakuta miwaridi sita imepangwa juu ya godoro lake, chini ya chandarua, na watumishi wawili wanaipepea kwa mapepeo ya manyoya.

"Ni nini hii?" akauliza Sultani.

"Wakati huu wa jua, Bwana, Sultani hulala wapi?"

"Hapa!"

"Na miwaridi ni nani?"

Sultani akafungua kinywa, akakumbuka mbiu, akakumbuka na muhuri wake, akakifunga. Siku ile alilala juu ya mkeka ukumbini, na mbavu zikamuuma.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi miwaridi ilitolewa uani, kwa kuwa Sultani naye hupunga hewa asubuhi. Jua likipanda inarudishwa ndani. Waziri Shaibu, apitapo mbele ya miwaridi, ilimpasa kuinama na kusema, "Sabalkheri, Bwana wangu," naye alisema hivyo kwa vyungu sita huku akitafuna ndevu zake kwa hasira. Ilipelekwa hata hamamu, ikawekwa mbali na moto, ipate mvuke. Ilisomewa mashtaka ya raia, na walioshtaki wakasema kwamba hawajapata kusikilizwa kwa utulivu namna ile.

Ikabaki habari ya maji. Mbaruku akamwendea Waziri, akauliza, "Sultani hunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Birika moja asubuhi na moja jioni," akajibu Waziri. "Wauliza nini, mpumbavu wewe?"

"Basi nayo itakunywa birika asubuhi na birika jioni, kila mmoja. Maji ya kisima yaliyobaki nayarudisha kwa watu, mabakuli matatu kwa kila nyumba, kama zamani."

"Huthubutu! Kisima kizima ni cha bustani!"

"Bwana Waziri, ukiwa mbele ya kadhi, utasema kuwa wataka Sultani amiminiwe kisima kizima tumboni? Mimi siwezi kushuhudia jambo hilo. Ni uhaini."

Waziri akaona shingo yake mwenyewe inamwasha, akaenda zake. Siku ile bakuli likarudi katika kazi yake, na maji yakafika majumbani. Zaituni akaosha vyungu vyote, hata visivyo vichafu, akilia.

Na ajabu ni kwamba miwaridi ikapona. Ilikuwa na kivuli, ilikuwa na maji kidogo wakati wa ubaridi, na udongo wa chungu haukuwa na chumvi ya kupanda. Yote waliyoyasema wale watatu wa gerezani ikawa inatendewa, ila safari hii kwa amri. Siku ya thelathini na tisa ikachanua, maua tisa mekundu, juu ya godoro la Sultani.

Lakini kiburi ni donda lisilopoa kwa marhamu. Sultani alikuwa amemwalika yule Sultani wa milimani aje kuona bustani, naye akafika siku ya arubaini na watu wake. Sultani Harithi akamwita Mbaruku.

"Mimi nilitaka bustani uani, hukunitimizia hilo! Nimelala mkekani siku thelathini na tisa! Leo saa sita miwaridi itasimama uani, palipo peupe, mgeni wangu aione. Ikinyauka, kichwa chako kimekwenda, na kisima kitarudi kuwa cha bustani, chote!"

Watu waliokuwa barazani wakatazamana. Maji yao waliyorudishiwa yalikuwa yamesimama juu ya ulimi wa mtu mmoja.

Mbaruku akasema, "Nimesikia na kutii. Lakini mbiu yasema atakayeitendea miwaridi lisilotendewa Sultani ni halali ya upanga. Mimi nikiiweka juani wakati Sultani yu kivulini, nimeihini. Na kwetu apandaye mche hushinda nao. Miwaridi hii ina mwenyewe, na bado hajashinda nayo. Akae Sultani, nami nitaipanga pande zote mbili zake kwa mikono yangu."

Sultani wa milimani, ambaye alipenda mambo ya kigeni, akapiga makofi. "Desturi njema kabisa! Kwetu hatuna. Kaa, ndugu yangu, nikutazame."

Basi ungefanya nini, nawe ni Sultani, na mgeni anakutazama? Harithi akaketi uani saa sita kamili, bila ya mwavuli, miwaridi mitatu kuume na mitatu kushoto. Mbaruku akaleta mtungi na bakuli la shaba, akaliweka lielee, lipime zamu ya jua.

Upepo wa jangwa ukavuma. Mchanga ukaingia machoni mwa Sultani, jasho likatoka, kisha likakoma kutoka, na hilo ndilo baya zaidi. Ua la kwanza likainamisha kichwa. Sultani akainamisha chake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

"Maji," akasema.

"Zamu bado, Bwana," akajibu Mbaruku kwa adabu. "Bakuli halijazama."

"Maji, Mbaruku!"

"Bado, Bwana wangu. Hili ni moja tu. Raia wako walikuwa wakilingojea bakuli kama hili toka alfajiri hadi alfajiri."

Sultani akalitazama lile bakuli. Hakupata kulitazama maishani mwake. Lilikuwa limeingia maji nusu, linaelea tu, halina haraka na mtu. Bakuli halijazama bado, Sultani akasimama akayumba, akapaza sauti iliyokauka, "Ondoeni miwaridi juani! Na mimi pia!"

Watu wa Yabisi hubishana hata leo kama lililotangulia kukubali kushindwa lilikuwa ua au Sultani. Mimi nasema ni Sultani, maana ua halikusema neno.

Alipokwisha kunywa, akiwa kivulini barazani, akauliza kwa sauti ya chini, "Mbaruku, ni kitu gani basi kiotacho katika nchi hii?"

"Kile kilichokuwa kikiota kabla ya harusi ile, Bwana. Mtende juu, uchukue jua. Chini yake mkomamanga, uchukue kivuli cha mtende. Chini ya mkomamanga kunde, na waridi pia likiwa na subira. Maji kidogo, alfajiri."

"Na mbona hapana aliyeniambia maneno haya?"

"Walikuambia watu watatu, Bwana wangu. Wako gerezani."

Sultani wa milimani akatazama dari. Sultani Harithi akaona haya, haya ya kweli, mbele ya mgeni na mbele ya watumishi wake, na hakuwa na pa kuificha. Akaamuru watatu wale wafunguliwe saa ile ile, akaifuta amri ya kisima kwa mkono wake, kisha akamwambia Mbaruku, "Taka utakacho."

"Nataka mbuzi wangu Tunu asamehewe, kwa hati na muhuri."

"Mbuzi tu? Kwa nini kwa muhuri?"

"Kwa kuwa kosa lake halina mfano, Bwana. Tangu dunia iumbwe, masultani ndio walao raia. Huyu ni raia wa kwanza kumla Sultani."

Sultani wa milimani akaanza kucheka yeye, akashika mbavu. Harithi akajizuia, akajizuia, kisha kicheko kikamtoka mpaka machozi yakalowesha ndevu. Akapiga muhuri, akamvika Mbaruku joho lake mwenyewe, akasema, "Nimemsamehe. Lakini mwambie asizoee."

Siku ya pili, alfajiri, watu walipokusanyika kisimani walimkuta mtumishi wa jumba la Sultani amesimama na mtungi wake mwishoni mwa safu, nyuma ya Zaituni, kwa kuwa nyumba ya Sultani nayo ilikuwa na mabakuli yake matatu na si zaidi. Mtumishi akasema ana haraka, Bwana wake anataka kunywa. Mbaruku, amekaa juu ya jiwe na joho lake la hariri, hakuinua macho.

"Subiri, ndugu yangu," akamwambia. "Bakuli halijazama."