Mzigo wa Ndambuki

"Mfunga mzigo kwa wivu hufunga wa mwenziwe." Nimesema hivyo mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, na tayari mmeacha masanduku yenu ya shule mkanitolea macho. Mumbua anauliza kama nimemsema yeye. Mimi sikumtaja mtu; anayewashwa ndiye hujikuna. Lakini mmetaka kujua methali hii imetoka wapi, na hilo ni swali zuri. Mtaniambia iko ile ya kutosafiria nyota ya mwenzio. Hiyo ni ya watu wa pwani. Hii ni ya kwetu huku milimani, na chanzo chake ni hiki.

Zamani, kabla ya mabomba, kijiji chetu na kijiji cha ng'ambo vilichota maji katika mto mmoja. Kiangazi kilipofika mto ulikauka, na watu wakachimba visima mchangani. Visima vilikuwa vichache. Waliotangulia kuchota walipata maji safi; waliofuata walipata tope. Ili watu wasiuane, wazee walikubaliana kwamba kila kiangazi kikianza, kila kijiji kitoe wapiga upinde wawili washindane, na kijiji kitakachoshinda kitangulie kuchota mpaka mvua inyeshe. Kila mtu alitakiwa kupiga kwa upinde wake mwenyewe, maana upinde ulichongwa kulingana na kimo cha mwenye nao.

Wapiga upinde wetu walikuwa Mbithi na Ndambuki, majirani waliotenganishwa na ua wa minyaa. Mbithi alikuwa mrefu, mtu wa kuinama kila akiingia mlangoni, na kwa miaka mingi sifa zote zilikuwa zake. Ndambuki alikuwa mfupi, mcheshi, na goti lake moja lilikuwa bovu.

Sasa, kiangazi kimoja, kamba ya upinde wa Ndambuki ilikatika katikati ya mashindano. Watu wakashika vichwa. Yeye akafungua mfuko wake, akatoa kamba ya akiba, akaifunga, akapiga, akapata shabaha. Wanawake walirudi nyumbani wakiimba jina la Ndambuki njia nzima. Mbithi naye alikuwa amepata shabaha kwa mishale yake yote siku hiyo, lakini nani aliimba jina la Mbithi? Hakuna. Wimbo ule ulimuuma. Ulimuuma akilala, ukamuuma akila. Ndambuki akicheka kwake, Mbithi aliona anachekwa yeye. Ng'ombe wa Ndambuki akizaa, Mbithi aliwatazama ng'ombe wake kwa hasira, kana kwamba wamekataa kusudi. Wivu ni kazi ngumu, wajukuu wangu, na haina malipo.

"Si mkono wake," alijiambia. "Ni ule mfuko."

Basi kiangazi kilichofuata, Ndambuki alipoanza kupanga vitu vyake uani, Mbithi aliingiza kichwa katikati ya minyaa akachungulia. Utomvu ulimwingia jichoni, likavimba, na bado hakutoka. Ndambuki alitia mfukoni nta, ulimbo, manyoya ya tumbusi ya kurekebishia mishale, kisu kidogo na kamba za akiba. Kila alichotia Ndambuki, Mbithi alikimbia ndani kutia chake.

"Kavinya! Tuna mafuta ya kondoo?" alimwuliza mkewe.

"Ya nini, Baba Mutanu?"

"Ndambuki ametia."

"Ndambuki anapaka goti lake. Goti lako lina nini?"

"Kama ametia, nami natia."

Kavinya akampa. Kisha akamwonyesha upinde wake uliotundikwa ukutani. "Kamba hii imeanza kuchanika. Ungeitazama."

"Nitakuwa na za akiba," alisema Mbithi, na jicho lake zima lilikuwa uani kwa jirani.

Kamba za Ndambuki zilisokotwa kwa ukano wa ng'ombe na mzee Kithome. Mbithi akaenda kwake.

"Nitengenezee kamba kama za Ndambuki," alisema. "Na moja zaidi."

"Sawa. Kalete upinde wako nipime."

"Upinde wangu wa nini, mzee? Unatafuta njia ya kunipa zilizo duni. Najua mnavyompenda yule! Nimesema kama zake. Usiongeze, usipunguze."

Mzee Kithome hakupenda kelele. Alisokota kama alivyoagizwa, akazipaka nta, akazikunja moja moja na kuzifunga vizuri, kwa kuwa kamba ya ukano hukaa imekunjwa mpaka siku ya kazi. Mbithi alizipokea kwa furaha. Hakufungua hata moja. Alichotaka kujua ni kimoja tu, kwamba amemzidi Ndambuki, na hilo alilijua kwa kuzitazama.

Siku ya mashindano ikafika. Shabaha ilikuwa kibuyu kilichotundikwa mtini ng'ambo ya mchanga. Walipiga wale, wakapiga wetu, na vijiji vikaenda sawa mpaka ukabaki mshale mmoja tu, wa mwisho, na ulikuwa wa Mbithi. Akipata, maji ni yetu. Akikosa, ni yao, kwa kuwa mwaka uliotangulia tulishinda sisi, na wazee walikubaliana kwamba vijiji vikitoka sare zamu ihamie kwa walioshindwa.

Haya. Mbithi alivuta upinde. Na hata wakati ule, badala ya kukitazama kibuyu, alimtupia jicho Ndambuki aone kama anatazamwa. Kamba ikakatika.

Watu wetu wakaguna. Mbithi peke yake alitabasamu. Hii ndiyo saa aliyoiota mwaka mzima! Alifungua mfuko polepole ili kila mtu auone, akatoa kamba mpya, akaipachika ncha ya chini, akaupinda upinde na kuivuta kuelekea ncha ya juu. Haikufika. Ilibaki upana wa kiganja. Akatoa nyingine. Haikufika. Akatoa nyingine tena.

Ndambuki alimjia akichechemea. "Lete nikusaidie, ndugu yangu." Akaishika ile kamba, akaitazama. "Lakini hii ni ya upinde wangu."

"Ni yangu. Niliagiza kama zako."

"Kama zangu? Mbithi, mimi nakufikia begani!"

Mtu mmoja wa ng'ambo akaangua kicheko. Mbithi akauweka upinde gotini, akaukandamiza kwa nguvu zake zote ili ncha ishuke ikutane na ile kamba fupi. Upinde ukalia, ukapasuka. Hakuna aliyecheka tena. Wazee wakainuka, na maji yakaenda ng'ambo.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Kila asubuhi wanawake wetu walisimama ukingoni wakiwatazama wenzao wakichota, kisha wakashuka kukwangua kilichobaki. Kavinya alisimama pamoja nao. Hawakumtukana. Hawakumsemesha tu, na hilo lilimchoma zaidi.

Siku moja alirudi amechoka, akaweka kibuyu mbele ya mumewe. Mbithi akachungulia ndani, akaona tope. Kisha akauliza, "Na mke wa Ndambuki, yeye amepata maji kama haya?"

Kavinya akaketi chini pale pale. Alicheka, halafu akalia.

"Hata kiu yako unaipima kwake," alisema. "Ndiyo, Baba Mutanu, amepata tope hili hili. Watoto wa Ndambuki wanakunywa tope lako. Uliufunga mzigo wako usiku na mchana, na ulipoufungua mbele ya watu, hakukuwa na kitu chako ndani. Mfunga mzigo kwa wivu hufunga wa mwenziwe."