Magari ya Bwana Fisi

Zamani, lakini si zamani sana, maana magari yalikuwapo tayari, ukame uliingia katika hifadhi moja ya mbali, huko ambako hata watalii walikuwa hawafiki. Mito ilikauka, likabaki dimbwi moja tu, na wanyama wote wakakusanyika hapo. Watalii wakapata habari. Magari yakaanza kuja na kujipanga ukingoni, wageni wamechomoza vichwa juu ya paa na kamera zao.

Wanyama hawakuwa wameyazoea. Walijibanza vichakani, koo zimekauka, wasithubutu kusogea. Fisi peke yake ndiye aliyekatiza mbele ya gari, kwa ulafi tu, akifuata harufu ya kuku wa kukaanga. Gari likasimama. La pili nalo likasimama. Hapo jamaa akapata akili yake mbaya.

"Mmeona?" akatangaza. "Magari haya ni yangu! Nikisema simama, yanasimama. Nikisema kanyaga, yanakanyaga. Atakayekunywa bila ruhusa yangu, shauri yake!"

Swala akajitokeza na mwanawe, kitoto kinayumba kwa kiu. "Bwana Fisi, nakuomba. Mwanangu anakufa."

Fisi akamtazama mtoto, mate yakamdondoka. "Mama Swala, wewe utakunywa mpaka utosheke. Ila huyo mdogo utaniachia. Kesho asubuhi nataka jibu."

Fisi ana haya? Hana! Swala aliondoka akilia.

Sungura aliyasikia yote. Mjanja huyo alikuwa akilala chini ya gari, kwenye kivuli, na hakuna aliyemkanyaga. Huko chini aliwasikia pia madereva wakiongea: daktari wa wanyama amekuja na gari la kijani na bunduki ya dawa ya usingizi, anatafuta fisi amvishe mkanda wa kutoa ishara shingoni, ili popote atakapokwenda, magari yajue alipo. Akamfuata Fisi mbio.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba. Una nyama?"

"Nina zaidi ya nyama. Wageni wana mkufu wa heshima, wanataka kumvisha mwenye magari. Sasa sijui ni nani."

"We! Si mimi hapa?"

"Ndivyo nilivyowaza. Basi kesho asubuhi simama mbele ya lile gari la kijani, utulie. Ukihisi kitu kinakuchoma tako, usikimbie, ndiyo salamu yao."

"Na baada ya mkufu, kuna kula?"

"Mkubwa avishwe mkufu halafu alale njaa? Wewe nawe!"

Asubuhi Fisi akasimama, kifua mbele. Paa! Akachomwa. Akacheka kile kicheko chake, akapepesuka, akaanguka na kukoroma.

"Mama Swala, mlete mtoto!" Sungura akaita. "Mwenye magari kalala, na hakuna gari lililomkanyaga mtu!"

Kitoto kikatia mdomo majini, kikanywa mpaka tumbo likawa gumu. Mama yake alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Wanyama wengine wakamiminika. Hata Simba, ambaye siku zote hizo alidai hana kiu, alikuja akanywa, akiwageuzia wenye kamera ule upande wenye manyoya mazuri.

Fisi alipozinduka akaona mkanda, akavimba kichwa. "Nimetawazwa!" Jioni akaenda kumnyemelea mtoto wa Swala. Kabla hajaruka, vruuum! Gari hilo. Swala na mwanawe wakatoweka. Akafuata mzoga, gari likafuata, tai wakamaliza nyama yeye akiwa bado anamulikwa taa. Akaenda kujificha shimoni kwake, magari yakapanga foleni mlangoni.

"Sungura, ndugu yangu," akalia, tumbo limegusana na mgongo, "yaambie yaondoke! Nakufa njaa!"

"Mimi tena? Magari si yako? Yaamuru mwenyewe."

Fisi akatoka shimoni, akapanua mdomo, akanguruma kwa nguvu zake zote: "Ondokeni!"

Magari yakasogea karibu zaidi, wageni wapate kumpiga picha vizuri.