Kwa Nini Mgeni Huhema Mlimani

Keti kwanza, mgeni wetu. Salamu za nyikani tutazipokea pumzi ikikurudia. Na nyinyi wajukuu, acheni kumcheka. Siku ya kwanza hakuna anayeweza kujiita mwanamume hapa Kwasanga.

Zamani, enzi za mabibi wa bibi zetu, hewa ilikuwa sawa kila mahali. Mtu aliupanda mlima huu akiimba, akafika juu wimbo haujaisha. Jambo hilo lilikuwa jema kwa wageni, na jema zaidi kwa wezi. Vijana wa nyikani walipanda mbio alfajiri, wakabeba mbuzi wetu begani, wakashuka kabla uji haujachemka.

Bibi Nakiete, mjane aliyebakiwa na mbuzi mmoja tu, alichoka. Akaenda kileleni na kibuyu cha maziwa, akayamwaga juu ya jiwe, akauambia mlima, "Baba, wapunguzie pumzi wanaotoka chini." Mlima ukakubali. Wezi waliofuata walikutwa wameketi njiani, midomo wazi, mioyo ikidunda, na mbuzi wamesimama wanawashangaa. Bibi alicheka siku tatu.

Kicheko kilimkauka siku mjukuu wake Nakunza alipoposwa na Semboja, kijana wa huko huko nyikani, mtu mwema asiye na mkono mrefu. Desturi ilimtaka mchumba ambebe beberu begani toka mtoni chini ya mlima mpaka uani kwa msichana bila kumtua. Akimtua, posa imekufa. Semboja alikuwa amezoea kukimbia kutwa nzima huko kwao, basi akaanza kwa mbio. Nusu ya njia miguu ikawa mizito, kifua kikamwaka, akamtua beberu. Nakunza alilia hadi macho yakavimba. Bibi Nakiete alijua fika nani kaharibu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Akarudi kileleni na kibuyu kingine. "Baba, huyu si mwizi!"

"Nitajuaje mimi?" mlima ukajibu. "Wote wanatoka chini, wote wana mbuzi begani. Nilichokupa sikichukui tena. Lakini mwizi hana siku za kukaa. Atakayekaa nitamjua, nami nitamwongezea damu."

Bibi akawaangukia wazee, akakiri kosa lake, akaomba Semboja akae huku mlimani, ajaribiwe tena mwezi mwingine ukiandama. Wakakubali kwa kunung'unika. Siku za mwanzo kijana alihema hata akila makande, na usingizi wake ulikatikakatika. Wiki ya pili akachota maji, taratibu. Ya tatu akapasua kuni. Mwezi ulipoandama alimbeba beberu kwa mwendo wa kawaida, asimtue mpaka miguuni pa Bibi.

"Nisamehe, mume wangu," Bibi akamwambia, huku machozi ya furaha yakimtoka.

Baadaye Semboja alipokwenda kumsalimu mama yake nyikani, alikimbia kama anayesukumwa mgongoni.

Na tangu siku hiyo, kila apandaye huku huhema, hata awe mkimbiaji wa kutajwa, na akivumilia wiki chache mwili huuzoea mlima. Ndiyo maana mgeni hatumpi mzigo wala swali kabla hajaketi.

Kwa hiyo usione haya, kijana. Huko kuhema ni mlima unakuuliza: umekuja kuchukua, au umekuja kukaa? Na mjukuu wangu wa kike naye, namwona pale mlangoni, anasubiri jibu.