Mkono wa Kushoto wa Mama Ambokile

Hii imenifikia asubuhi, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome mpaka mwisho, kisha mpe mzazi mwenye mtoto shuleni.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja huko Tukuyu, jina lake Mama Ambokile. Alikuwa na watoto wawili: Ambokile wa darasa la sita na Tumpe wa darasa la kwanza. Alimpenda huyo mkubwa kupita kiasi, na kisanga chote kilianzia hapo.

Kila alasiri Ambokile alirudi na kazi ya nyumbani, uso umemshuka. Mama huruma ikamjaa.

"Umechoka, mwanangu. Pumzika. Nitafanya mimi."

Akaandika kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko upinde kama wa mtoto na mwalimu asishtuke. Mwalimu hakushtuka. Daftari likajaa vema tupu, na mama akatembea mtaani kifua mbele. Tumpe yeye alipewa kazi ya kuhesabu maharage kumi tu. Kazi ndogo namna ile hakuna aliyemhurumia nayo, akahesabu mwenyewe.

Ukatokea msiba Kyela. Mama akawaacha watoto na bibi yao, ambaye macho yake hayaoni vizuri, akakaa huko siku nne. Njiani kurudi roho ilimuuma: kazi za Ambokile zimefanywa na nani?

Alipofika alifungua daftari kabla hata ya kutua mzigo. Kazi za siku zote nne zimefanywa, hakuna kosa hata moja. Na mwandiko ulikuwa ule ule wa mkono wake wa kushoto.

"Ambo, nani kakufanyia hizi?"

"Si wewe, mama? Ulikuwa unakuja saa kumi, unaandika, unaondoka."

Tumpe akainua kichwa kutoka kwenye maharage yake. "Mimi nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia."

Usiku ule hakupata usingizi.

Kesho yake ilipokaribia saa kumi akajificha nyuma ya pazia la chumbani. Jua lilikuwa linawaka nje, kuku wanapekua uani. Hakusikia mlango. Alipochungulia, mtu alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, amejifunga kanga yake ile ile aliyoivaa msibani, na anaandika kwa mkono wa kushoto.

Ambokile hakumtazama hata kidogo. Alikuwa amelala kwenye mkeka, ameweka mikono kifuani.

Yule mtu akafunga daftari, akageuka taratibu kuelekea kwenye pazia. Uso ulikuwa wake mwenyewe, Mama Ambokile. Akasema kwa sauti yake:

"Umechoka. Pumzika. Mtoto nitamlea mimi."

Mama alipiga yowe, akatoka mbio nyuma ya pazia, akalinyakua daftari na kuuchana ukurasa uliotoka kuandikwa. Yule mtu hakutikisika. Alinyoosha tu mkono wa kushoto, akasubiri arudishiwe.

"Ambo, amka! Shika kalamu!"

"Siwezi, mama. Sijui."

"Andika hivyo hivyo usivyojua!"

Tumpe akasogea, akakaa karibu na kaka yake. "Kaka, hata mimi sikujua. Nilianza na moja."

Ambokile akashika kalamu kama mtu anayeshika nyoka. Swali la kwanza: gawanya themanini na nne kwa nne. Akaandika, akafuta, akaandika tena, jasho linamtoka. Kwa kila tarakimu aliyoiandika, kanga ile kwenye kiti ilizidi kupauka, mpaka mama akawa anauona ukuta nyuma yake. Alipomaliza swali la tisa, kiti kilikuwa kitupu.

Siku ya pili daftari lilirudi lina makosa saba kati ya maswali tisa. Mama alililia kwa furaha, akambusu mwanawe, akaubandika ukurasa ule ukutani juu ya cherehani yake.

Ambokile sasa yuko sekondari, anafanya kazi zake mwenyewe. Lakini Tumpe anasema zipo alasiri ambazo kaka yake huchoka, akaweka kalamu chini na kupiga miayo. Hapo kile kiti husogea kidogo kuelekea mezani, chenyewe.

Funzo: Kazi ya nyumbani ni ya mtoto mwenyewe, iwe maharage kumi ya darasa la kwanza au hesabu ngumu za mkubwa. Ukimfanyia humpumzishi, unampa mwingine nafasi yake.