Nyamizi na Toleo la Sita

Mchezo hungoja, macho hayangoji. Mmewasikia mafundi cherehani wa hapa Cheyo wakiyasema hayo, mkaniuliza yametoka wapi. Yametoka kwa mmoja wao, na ilikuwa hivi.

Nyamizi binti Kapela alikuwa akishona sare za shule tangu asubuhi mpaka mgongo ugome, kisha hujilaza na gemu lake la mkononi. Lilikuwa la ngome yenye giza, majeneza na wanyonya damu, na lilitoka toleo baada ya toleo. La tano lilimwacha shujaa amefungiwa kaburini, hai. Miaka saba Nyamizi alingoja kujua kama atatoka. Hatimaye watengenezaji wakatangaza kuwa la sita litakuja Machi.

Januari hiyohiyo daktari akamwambia ana presha ya macho. Alitakiwa apasuliwe mapema, kabla hajapofuka, na akishapasuliwa asiguse gemu kwa miezi kadhaa.

"Nimalize la sita kwanza," alimwambia mdogo wake, Mhoja.

"Dada, twende sasa. Gemu utalikuta."

"Nimechoka, Mhoja. Sina kingine ninachokingoja kwa furaha. Na Machi si mbali."

Machi ilipofika watengenezaji wakaahirisha hadi Juni. Juni wakasema Oktoba. Kila mara Nyamizi aliona ameshangoja mno, hawezi kuishia hapo. Ukungu ukamsogelea machoni kutoka pembeni. Akawa anajigonga kwenye milango, anatunga uzi kwa kupapasa, na akiulizwa husema ni uchovu. Siku aliposhonea mkono wa shati shingoni, Mhoja hakubishana tena, alimshika akampeleka hospitali. Walimpasua, lakini kilichokwishapotea hakikurudi. Alibakiwa na mwanga wa kujua dirisha liko wapi, basi.

La sita likatoka Desemba. Mhoja aliketi kando ya dada yake, akicheza na kumsimulia.

"Kaburi linapasuka. Anatoka, dada! Yu hai."

Nyamizi akamgeukia. "Ana sura gani?"

Mhoja alikitazama kioo cha gemu. "Amezeeka," alisema.

"Gemu lile lingeningoja hata miaka kumi," Nyamizi akasema taratibu. "Mchezo hungoja, mdogo wangu. Macho hayangoji."

Mafundi wenzake waliokuja kumjulia hali waliyasikia, wakaondoka nayo. Tangu hapo, fundi akikawia kwenda kutibiwa eti amalize kwanza hili na lile, wenziwe humnyang'anya kitambaa na kumwambia: mchezo hungoja, macho hayangoji.