Benchi la Serikali

Tarehe tisa Juni, saa tatu asubuhi, kesi ya Bi Mwanakheri dhidi ya serikali ilifika ukingoni. Mjane huyo alidai kwamba tangu mumewe Makame afariki, watu wa usalama walikuwa wakinasa simu zake zote alipokuwa akimlilia marehemu kwa dada yake. Ushahidi hakuwa nao, na jaji alikwishaonya kwamba asipouleta siku hiyo, kesi ingefutwa.

"Mheshimiwa, nani apoteze muda kusikiliza kilio cha bibi kizee?" alicheka Wakili Semhando wa serikali, akiwa amesimama na maofisa wake wawili mbele ya benchi lao. "Hatujasikia hata neno moja."

"Haya, ketini," jaji akasema.

Hakuna aliyeketi.

"Nimesema ketini!"

"Tumezoea kusimama, Mheshimiwa."

"Keti, baba, miguu itakuuma," Bi Mwanakheri alimbembeleza.

"Keti wewe!" wakili aliropoka. "Si umetumwagia upupu hapa?"

"Nani kakwambia?"



Bi Mwanakheri akavuka upande wa pili, akajitandaza juu ya benchi lile. "Mheshimiwa, hapa hapana upupu. Jana nilimwambia dada yangu kwa simu kwamba nimeumwaga, na sikumwambia mtu mwingine. Mungu anisamehe uongo huo."

Jaji alicheka mpaka akavua miwani, kisha akampa mjane ushindi.

Bi Mwanakheri akainua mikono. "Ewe Mola, mrehemu Makame wangu, liangaze kaburi lake, umsitiri huko kama ulivyonisitiri mimi leo. Amina."