Swali la Langoni Mashundwa

Wageni wangu, naona mmekunja nyuso. Mmekuja kutazama milango na makaburi ya wafalme, nami nawauliza mmekuja kumwona nani. Kaeni hapa barazani niwaeleze, ingawa kuna pahali hata mimi sijapaelewa mpaka leo.

Zamani, wafalme walipokuwa bado wanakaa Mashundwa, swali hilo lilikuwa utovu wa adabu. Mgeni hakuulizwa lililomleta. Alipewa kahawa, akatembezwa mji mtaa kwa mtaa, na shida yake akaisema jioni. Tulikuwa na majivuno, na majivuno yetu tuliyaita ukarimu.

Ndipo akaja Mwanamize. Alizaliwa humu humu, lakini shangazi yake alimchukua bara akiwa na miaka minne. Miaka thelathini baadaye akapata habari kwamba mama yake, Bi Kirembo, hajiwezi na anamtaja usiku na mchana. Akasafiri siku tisa. Alifika asubuhi, amevaa kigeni, hakumbuki hata uchochoro mmoja.

Bawabu wa lango alikuwa Mzee Fumo, mtu mwema kabisa.

"Baba, shikamoo. Mimi nimekuja..."

"Marahaba, mwanangu. Kwanza kahawa, kisha mji. Shida haikimbii."

Basi akamtembeza. Akamwonyesha mlango wenye misumari ya shaba, kisha kisima, kisha kaburi la mfalme, kisha mlango mwingine ambao Mwanamize aliapa moyoni kuwa ni ule ule wa kwanza. Hakujua kama anapelekwa mbele au anarudishwa nyuma. Kila alipotaka kusema, wenye mtaa walimletea sahani ya halua, naye alilelewa kutomkatiza mkubwa. Hapo ndipo nisipopaelewa. Kwa nini hakupiga kelele? Mimi ningepiga. Au labda nisingepiga, sijui.

Alasiri wakajibanza ukutani kupisha jeneza. Mzee Fumo akafurahi, Mungu amsamehe.

"Una bahati, mwanangu! Wageni wachache huona tunavyozika. Tazama wanavyopokezana, hakuna bega linalochoka."

"Ni nani huyo?" Mwanamize akauliza.

Mzee Fumo hakujua. Akamwuliza mmoja wa waliokuwa wakifuata.

"Bi Kirembo wa pale kisimani," yule mtu akajibu. "Amekata roho adhuhuri. Tangu alfajiri alikuwa akiuliza kama bintiye ameshafika."

Mwanamize akakikumbuka kisima. Asubuhi ile walikaa pale kitambo kirefu, wakila halua, na mbele yao palikuwa na nyumba yenye dirisha lililo wazi.

"Huyo ndiye niliyekuja kumwona," akasema.

Mzee Fumo alikaa chini palepale njiani. Alitaka kuomba radhi, asijue aanzie wapi, maana hakuwa amefanya ila yale aliyofundishwa na baba yake. Alichanganyikiwa hivyo hadi alipokufa.

Na tangu siku hiyo, hakuna mgeni anayeonyeshwa hata jiwe moja la Mashundwa kabla hajaulizwa. Mzee Fumo alianza, watoto wake wakafuata, na sasa ni sisi watembezaji. Wengi hucheka, husema hawamjui mtu hapa. Ni sawa, nami hucheka nao, kisha tunakwenda.

Lakini kama yuko mtu, niambieni sasa, kahawa tutakunywa baadaye. Milango itangoja.